Peni moja kila juma: nani mwenye kanisa?



Juma hili nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho mkazi wa mji hukipita kila asubuhi akienda kazini. Panda matatu kutoka mtaa wowote mpya, hutakosa kuona kiwanja kilichozungushiwa mabati. Ndani mna nguzo za zege, vyuma vimetokeza juu yake na vimeshika kutu. Langoni pana kibao kinachosema kwamba kanisa linajengwa mahali hapa na kila mtu anaombwa achangie. Kibao hicho ulikiona mwaka juzi, ukakiona mwaka jana, na leo bado kipo. Waumini wanasali kando, chini ya turubai. Na mfukoni mwako pana kadi ya harambee.

Watu wanaouliza juu ya kadi hizo ni wengi. Fedha hizi huenda wapi? Kwa nini kuta zianze kabla ya watu? Na nyumba ikikamilika itakuwa mali ya nani: ya waliochanga, ya mchungaji, ya makao makuu, au ya mheshimiwa aliyekuja na bahasha nene?

Maswali hayo si mapya. Yapo watu walioyapigania kwa muda wa karibu miaka 300, na wameacha historia yenye mafunzo kwa yeyote anayechanga, awe wa dhehebu gani au dini gani. Watu hao ni Wamethodisti. Sikusudii kuwasifu wala kuwahukumu. Nataka tutazame hesabu zao, maana katika hesabu ndimo siri ya mambo mengi hulala.

Tuanzie mji wa Bristol, Uingereza, mwaka 1739. Kasisi wa Kianglikana aliyeitwa John Wesley alikuwa akihubiri uwanjani, na miongoni mwa wasikilizaji wake walikuwamo wachimba makaa ya mawe wa Kingswood. Watu walizidi, mvua ikawa inawapiga, na mwezi wa Mei wakaanza kujenga nyumba waliyoiita Chumba Kipya. Wesley, kama ilivyokuwa desturi, aliteua wadhamini 11 wachukue mzigo wa gharama. Yeye alidhani ametua mzigo. Kumbe amejitia kitanzi!

Rafiki yake George Whitefield alimwandikia kutoka London kumwonya. Alimweleza kwamba, kwa mpango ule, wadhamini wakichukizwa na mahubiri yake wangeweza kumfukuza katika nyumba aliyoijenga mwenyewe. Wafadhili wa London nao walikataa kutoa hata senti mpaka wadhamini wale waondolewe. Wesley akawaita, akafuta mpango wote, akajitwika deni lile peke yake ingawa fedha hakuwa nazo.

Hilo ndilo somo la kwanza. Kabla jiwe la kwanza halijatulia, swali lilikwisha kuzuka: mwenye karatasi za nyumba ana sauti gani juu ya mimbari?

Deni lilibaki. Tarehe 15 Februari 1742 waumini wa Bristol walikutana kutafuta njia ya kulilipa. Mmoja wao akapendekeza kila mtu atoe peni moja kila juma. Siku zile peni 12 zilifanya shilingi moja, na shilingi 20 zilifanya pauni, basi peni ilikuwa fedha ndogo. Hata hivyo wengine wakapinga, wakasema waumini wengi ni maskini na hata peni hawataiweza. Yule bwana akajibu kwa maneno ambayo, kwa maana yake, yalikuwa haya: nipeni mimi kumi na mmoja walio maskini kupita wote, nitawapitia nyumbani kila juma, atakayeshindwa, nitamlipia mimi mwenyewe.

Wengine nao wakajitolea vivyo hivyo, na waumini wakagawanywa katika vikundi vya watu kumi na wawili. Haba na haba hujaza kibaba, deni likaanza kupungua. Lakini tazama lililotokea. Mtu aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba kukusanya peni aliona na mengine. Aliona nani mgonjwa, nani amefukuzwa kazi, nani anampiga mkewe, nani amerudia pombe. Akaja kumweleza Wesley. Basi yale makundi ya kukusanya fedha yakageuka makundi ya kulea watu. Yakaitwa madarasa, na darasa ndilo lililokuwa uti wa mgongo wa Umethodisti kwa zaidi ya karne nzima.

Ndugu msikilizaji, hapo pana jambo la kulifikiria sana. Siku hizi kamati ya fedha ni kitu kimoja, na kuwatembelea wagonjwa ni kitu kingine. Kadi ya harambee hutumwa kwa mtu ambaye hakuna aliyewahi kukanyaga mlango wake. Pale Bristol mkusanya peni na mlezi walikuwa mtu mmoja, na asiyekuwa na peni hakuaibishwa, kwa sababu kiongozi wake alikwisha kuahidi kumlipia.

Idadi ya nyumba za kuhubiria ikaongezeka, na madeni yakaongezeka pamoja nazo. Ndipo mkutano mkuu wao ukaweka kanuni ambazo ningependa zibandikwe kwenye kila lango la mabati mjini mwetu. Ya kwanza, mtu asianze kujenga kabla theluthi mbili za gharama hazijaahidiwa. Ya pili, nyumba ziwe safi na za kawaida, zisiwe za fahari. Na Wesley alieleza sababu kwa uwazi unaotisha. Tukijenga majumba ya gharama, alisema kwa maana yake, tutahitaji matajiri, tukiwahitaji tutawategemea, tukiwategemea watatutawala, na hapo tuage nidhamu yetu, pengine na mafundisho yetu pia.

Aliyesema hivyo hakuwa na chuki na matajiri. Alikuwa mtu aliyekwisha kuponea chupuchupu pale Bristol. Na hofu yake haikuwa ya bure. Mwaka 1788 wadhamini wa Dewsbury, katika jimbo la Yorkshire, walidai haki ya kuwaondoa wahubiri wasiowapenda. Wesley alikataa, na wadhamini wakabaki na nyumba. Waumini waliochanga wakajikuta nje, hawana budi kuanza upya.

Kinga aliyoitafuta Wesley ilikuwa ya kisheria. Alikwisha kutunga hati ya mfano ya kutumiwa na kila nyumba mpya, na mwaka 1784 akaandikisha hati nyingine iliyotaja wahubiri 100 kuwa ndio Konferensi mbele ya sheria. Tangu hapo kanisa la mtaani lilishikwa na wadhamini kwa niaba ya chama kizima, na Konferensi ndiyo iliyopanga nani atahubiri wapi. Kwa njia hiyo tajiri wa mtaani alifungwa breki.

Lakini, wananchi wenzangu, dawa ya ugonjwa mmoja yaweza kuwa sumu mahali pengine. Twende Marekani.

Huko Wamethodisti walienea kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana. Mwaka 1784, kanisa lao lilipoundwa rasmi mjini Baltimore, walikuwa karibu 15,000. Miaka 60 baadaye walipita milioni moja. Walifanyaje? Si kwa kujenga kwanza. Mhubiri alipewa farasi na mzunguko, yaani njia yenye vituo 20 au 30, ambayo aliimaliza kwa majuma manne hadi sita. Alihubiri jikoni kwa mkulima, ghalani, chini ya mti. Akipata watu wachache alifanya darasa, akamteua kiongozi miongoni mwao, akaondoka. Aliporudi baada ya mwezi alikuta darasa lipo au limekufa. Likifa, hasara ilikuwa jioni chache za kuhubiri. Likikua, wenyewe walikata magogo msituni mwao wakajenga. Kila miezi mitatu viongozi wa mzunguko walikutana, hesabu zikasomwa, na mipango ya robo iliyofuata ikapangwa.

Gharama ilikuwa ndogo mno. Mpaka mwaka 1800 mhubiri alilipwa dola 64 kwa mwaka, pamoja na nauli yake, na Askofu Francis Asbury, aliyezunguka nchi nzima juu ya farasi, alilipwa kiasi hicho hicho. Ukitaka kujua kwa nini chama kile kilifika kila kijiji, usitafute mbali. Kiongozi mkuu na mdogo walikula sahani moja.

Sasa njoo kwenye sumu niliyoitaja. Katika mji wa Philadelphia alikuwako Richard Allen, mtu mweusi aliyezaliwa mtumwa mwaka 1760 na akajinunulia uhuru wake. Yeye na wenzake walichoka kudhalilishwa katika kanisa la Wazungu walimokuwa wakisali, wakatoka. Walichukua jengo lililokuwa karakana ya mhunzi, wakalivuta mpaka kiwanja chao, wakalitengeneza likawa kanisa. Lilifunguliwa mwaka 1794 na kuitwa Betheli. Fedha zilikuwa zao, jasho lilikuwa lao.

Mwaka 1796 waliandikiwa hati na mchungaji Mzungu. Walitia sahihi kwa kumwamini. Baadaye ndipo walipogundua kwamba hati ile ilikuwa imeiweka nyumba yao chini ya Konferensi, na kwamba mchungaji aliyetumwa na Wazungu angeweza kudai funguo. Mwaka 1807 waliirekebisha kwa kura ya theluthi mbili ya waumini. Ugomvi haukuisha. Mwaka 1815 jengo lilipigwa mnada, na Allen akalazimika kulinunua kwa zaidi ya dola 9,000. Hebu fikiria, kuinunua nyumba uliyoijenga mwenyewe! Hatimaye, tarehe 1 Januari 1816, Mahakama Kuu ya jimbo la Pennsylvania iliamua kwamba Betheli ni ya waumini wake, na mwaka huo huo wakaunda dhehebu lao, Kanisa la Kiafrika la Kimethodisti la Kiaskofu, ambalo lipo hadi leo.

Kwa hiyo hati ile ile iliyomzuia tajiri wa Dewsbury asiwanyang'anye maskini, ndiyo iliyotumiwa kutaka kuwanyang'anya maskini wa Philadelphia. Sheria ni kisu: hukata mkate na hukata mkono.

Karne ya 19 ilipokuwa inasonga, mambo yalibadilika. Reli zilikimbilia magharibi, na mji ulizuka kila penye stesheni. Darasa la jikoni halikutosha tena, watu wakataka jengo. Mwaka 1864 Wamethodisti wa kaskazini waliunda chombo maalumu cha kusaidia ujenzi wa makanisa, makao yake Philadelphia, na kwa miaka mingi kiliongozwa na Alpha Kynett. Chombo hiki kilikuwa na akili mbili nzuri. Kwanza, pamoja na misaada, kilikopesha. Mkopo ukirudi, ulikopeshwa kanisa jingine, dola ile ile ikajenga mara ya pili na ya tatu. Pili, kilisambaza orodha ya michoro ya msanifu Benjamin Price. Kijiji kisichoweza kumlipa msanifu kilichagua mchoro kulingana na uwezo wake, kikauagiza kwa posta kwa bei nafuu, na seremala wa kijijini akafuata vipimo.

Msaidizi wa Kynett, Charles McCabe, alikuwa na ulimi wa kuchangisha. Inasimuliwa kwamba mwaka 1881 alisoma gazetini hotuba ya Robert Ingersoll, msemaji mashuhuri wa wasioamini, aliyedai kuwa makanisa yanakufa nchini kote. McCabe alishuka stesheni iliyofuata akampelekea simu ya maandishi. Alimwambia kwamba Wamethodisti wanajenga zaidi ya kanisa moja kila siku ya mwaka, na wanakusudia kufikisha mawili kwa siku.

Majigambo hayo yaliwafurahisha wengi. Lakini mahesabu yana tabia ya kungoja. Reli nyingine zilihamishwa, mashine zikachukua kazi ya mashambani, vijana wakahamia mijini. Mengi ya makanisa hayo ya vijijini yamefungwa. Kuhesabu kuta ni rahisi. Kuhesabu watakaokuwa ndani ya kuta baada ya miaka 50 ndiko kupanga kwenyewe.

Huko Uingereza nako, mwaka 1898, mbunge Mmethodisti Robert Perks alianzisha mfuko wa karne mpya. Lengo lilikuwa gini milioni moja, na gini ilikuwa shilingi 21. Sharti lake ndilo linalonivutia. Kila mtu gini moja, na jina moja mstari mmoja katika daftari. Tajiri aliyetaka kutoa zaidi aliweza kuandikisha jina la mzazi wake aliyefariki au la mwanawe, lakini jina lake halikupewa mstari mrefu kuliko la mfanyakazi wake. Daftari hizo zilifika juzuu 50, na fedha zikapita pauni milioni moja. Sehemu yake ilijenga Ukumbi Mkuu wa Westminster, karibu na Bunge la London, uliofunguliwa mwaka 1912. Humo ndimo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipokutana kwa mara ya kwanza, tarehe 10 Januari 1946. Ninyi mlio na orodha za wachangiaji zinazoanza na waheshimiwa na kuishia na "na wengineo", jifunzeni hapo.

Je, sisi tunaingiaje katika habari hii? Tunaingia kwa mlango wa Ribe, mwendo mfupi tu kutoka Mombasa. Mmoja wa matawi ya Wamethodisti wa Uingereza, lililojitenga kwa sababu halikupenda utawala wa Konferensi kuwa mkali mno, lilimtuma Thomas Wakefield akiongozana na Ludwig Krapf, na mwaka 1862 wakaanzisha kituo Ribe. Charles New alifuata mwaka 1863. Wenzao waliotoka nao Ulaya walirudi mapema, baadhi kwa maradhi, na Wakefield akabaki. Kwa miaka mingi waumini walikuwa wachache mno. Mweka hazina mwenye kupima kwa idadi ya vichwa angekifunga kituo kile. Mwaka 1912 kazi ilifika Meru, pale Kaaga, na huko ndiko ilikoota mizizi mipana. Mwaka 1967 Kanisa la Methodisti la Kenya likawa huru, chini ya viongozi wake wenyewe.

Uhuru ulileta fahari pamoja na bili. Kanisa linalolelewa kwa fedha za ng'ambo hupangiwa na ng'ambo. Likijitegemea, hupanga lenyewe, lakini mwisho wa mwezi halina wa kumpigia simu. Ndipo zilipozidi harambee, na kwa mlango huo huo wakaingia wanasiasa na bahasha zao, makanisani mwa kila dhehebu. Mwezi Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Kikatoliki wa Nairobi aliamuru mchango uliotolewa na Rais kwa kanisa moja la mtaani urudishwe. Wapo waliomsifu, na wapo waliomlaumu kwamba amewanyima maskini jengo. Nadhani Wesley angelitambua swali hilo mara moja, maana aliliandika miaka zaidi ya 200 iliyopita.

Na swali la hati je, limekwisha? La hasha. Nchini Marekani, Kanisa la Muungano la Methodisti liligawanyika juu ya ndoa na daraja la uchungaji kwa watu wa jinsia moja. Mwaka 2019 iliwekwa kanuni ya kuruhusu makanisa ya mitaa kuondoka na majengo yao, na hadi dirisha hilo lilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2023 zaidi ya makanisa 7,600 yalikuwa yameondoka. Lakini hayakuondoka bure. Yalitakiwa kulipa michango ya makao makuu ya miaka miwili na sehemu ya deni la pensheni za wachungaji. Kulikuwa na makanisa ambayo mababu waliyajenga kwa mikono yao, na wajukuu wakatakiwa kulipa kabla ya kuondoka nayo. Wengine waliona huo ni uonevu. Wengine walijibu kwamba mababu wale wale walipokea mikopo, michoro na wachungaji kutoka kwa chama kizima, na mchungaji mzee anahitaji pensheni yake. Kila upande ulikuwa na hoja. Ndiyo maana hati husomwa siku ya kwanza, watu wakiwa bado wanapendana.

Basi tufunge kwa kurudi kwenye lango letu la mabati. Ukiletewa kadi ya kujenga kanisa, au msikiti, au hata shule, usione haya kuuliza mambo manne. Watu wako wapi, na nani huwatembelea? Ni kiasi gani kimekwisha kuahidiwa kabla ya msingi kuchimbwa? Hati imeandikwa kwa jina la nani, na nani ameisoma kwa sauti mbele ya waumini? Na mwisho, yupo mtu mmoja ambaye akizuia mkono wake kazi yote itasimama? Kama yupo, basi mwenye kanisa mmekwisha kumpata, hata kama jina lake halimo katika hati.

Yule bwana wa Bristol hakuwa na bahasha nene. Alikuwa na miguu ya kupita nyumba kumi na moja kila juma, na moyo wa kumlipia aliyekosa. Kwa mtu wa namna hiyo, mimi kadi yake nitaijaza.

Kwaherini hadi juma lijalo.